Mkono Uliolazwa Kochini

Nyumba ile ilikuwa na mafundi wawili. Barazani, mume alitengeneza makochi. Alikata sponji, akavuta kitambaa, akapiga misumari huku mingine ameibana kwa midomo. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Chumba cha mbele kilikuwa cha mkewe, Msusi. Yeye alisimama nyuma ya kiti tangu asubuhi, mikono juu, vidole vikikimbia kwenye vichwa vya watu. Mdomo wake nao haukubaki nyuma. Wateja walikuja kusukwa, wakaondoka na habari zote za mtaa.

Siku moja Msusi aligusa uvimbe kwenye titi lake. Hakuuficha. Alikwenda hospitali, akapimwa, akaambiwa ni saratani. Alifanyiwa upasuaji. Titi la kulia liliondolewa pamoja na tezi za kwapani. Kidonda kilipopona, alianza dawa za kuingizwa kwenye mshipa. Nywele zake zikadondoka zote.

"Msusi kipara," alisema akijitazama kwenye kioo cha wateja. "Nani atamwamini?"

"Mimi," Fundi alijibu. "Nilikuoa ukiwa na nywele, lakini sikuoa nywele."

Msusi alicheka hadi machozi yakamtoka. Hakujua ni machozi gani.

Sasa sikiliza lilipoanzia kosa. Siku Msusi alipotoka wodini baada ya upasuaji, daktari aliwaambia hivi: "Asibebe vitu vizito. Akichoka, apumzike." Muuguzi naye alimwonyesha namna ya kuuchezesha mkono kidogo kidogo. Lakini Fundi alitoka pale na neno moja tu: apumzike. Lile lingine, akichoka, aliliangusha mlangoni.

Na fundi wa makochi akisikia mtu apumzike, atafanya nini?

Alitengeneza kochi. Hakuwahi kumtengenezea mteja kochi kama lile. Sponji yake ilikuwa nene, mgongo wake umelala kidogo. Upande wa kulia aliweka mto wenye mfereji katikati, mkono ulale humo bila kuteleza. Akaliweka chumba cha mbele, pale pale kiti cha wateja kilipokuwa.

"Hapa ndipo mahali pako, mke wangu," alisema. "Ukitaka maji, niite. Ukitaka dirisha lifunguliwe, niite."

"Na nikitaka kujikuna?"

"Niite."

Msusi alikaa. Mkono ukalala kwenye mfereji wake. Kazi zote za nyumba zilichukuliwa na wifi yake, dada wa Fundi, mwanamke mwenye moyo wa pamba na ulimi wa wembe.

"Kaka," wifi alisema akifagia, "umeoa mke au umenunua pambo la sebuleni? Nimpanguse vumbi na yeye?"

"Mwache apumzike," Fundi alijibu.

Mara moja Msusi alijaribu yale mazoezi ya muuguzi. Mkono ulipopanda kidogo, alihisi kuvutwa kwapani, akaguna. Fundi alitupa nyundo, akaja mbio.

"Acha! Yale yalikuwa ya wodini. Mimi naijua kazi ya uzi. Ukivuta kitambaa kilichoshonwa juzi, mshono unaachia."

Maneno yale yalimwingia Msusi. Mtu anayepiga mishono maisha yake yote, utambishia nini? Akaurudisha mkono kwenye mto.

Basi akakaa. Kadiri alivyokaa ndivyo alivyochoka. Akiamka amechoka, akila amechoka. Bega likaanza kukaza kama bawaba yenye kutu. Kila mtu ndani ya nyumba alimpenda, na kila siku mkono ulizidi kushuka.

Dawa za mshipani zilipokaribia kwisha, Msusi aliitwa hospitali kuandaliwa kwa tiba ya mionzi. Mionzi ingeua mabaki ya saratani ambayo kisu hakikuyaona. Mhudumu, kijana mpole, alimlaza kwenye kitanda chembamba.

"Sasa, mama, inua mkono wa kulia, uuweke juu ya kichwa."

Msusi akainua. Mkono ulifika usawa wa bega, ukagoma. Akajaribu tena. Jasho likamtoka.

"Basi, mama, usijilazimishe," kijana alisema. "Lakini sitakuficha. Mashine inapiga hapa kifuani. Mkono usipopanda, unaziba njia. Hatuwezi kuanza hivi. Na hatupendi uchelewe sana."

Msusi aliteremka kitandani, akatoka. Fundi alikuwa akimsubiri kwenye benchi la nje. Alipoambiwa, alishika kichwa.

"Mbona nilimtunza?" alisema. "Nilimtunza kama yai!"

Walielekezwa chumba cha jirani, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Aliligusa kovu taratibu, akalizungusha bega, akauliza maswali. Fundi akamweleza habari za kochi, za mto na mfereji wake, na za ule mshono.

"Baba," mtaalamu alisema, "kitambaa ukikishona, kinaunga chenyewe?"

"Hapana. Kinashikwa na uzi."

"Mwili unaunga wenyewe. Kidonda hiki kilishafunga zamani, hakuna cha kufumuka. Tatizo ni kovu. Mwili ukikaa bila kunyooshwa, kovu linakaza likiwa fupi. Daktari alisemaje siku ile?"

"Alisema apumzike."

"Alisema akichoka, apumzike," Msusi alisema polepole. Ndipo tu alipokumbuka.

Fundi aliinamisha kichwa. "Basi mimi ndiye niliyemfunga."

"Umempenda, baba," mtaalamu alisema. "Sasa mpende akiwa amesimama."

Akamgeukia Msusi. "Mama, simama mbele ya ukuta. Weka vidole hapo. Vitembeze kupanda juu, kama mdudu anayepanda ukuta. Ukihisi kuvutwa, ni sawa. Simama hapo, pumua, kisha ushuke. Ukihisi maumivu makali, umezidisha. Rudi chini kidogo."

Vidole vya Msusi vikaanza kutambaa. Alizoea kuvikimbiza kichwani, leo vilikwenda kama vikongwe. Vilipogoma, akasimama hapo, akapumua.

"Na huu uchovu?" aliuliza. "Nitafanyaje mazoezi nami sina nguvu hata ya kuongea?"

"Wewe? Huna nguvu ya kuongea?" Fundi alishangaa. "Basi hali ni mbaya kweli!"

Mtaalamu akacheka. "Uchovu wa dawa hizi hauishi kwa kulala mchana kutwa, mama. Unazidi. Tembea. Anza na mwendo mfupi, mwendo ambao bado unaweza kupiga soga. Ukizoea, ongeza. Siku ya kuzidiwa, punguza. Ukipata homa, kizunguzungu, kifua kuuma au pumzi kukatika, usifanye mazoezi, njoo hospitali. Na mkono ukivimba, usisubiri, njoo tuuone. Mizigo mizito bado, mpaka nikuambie."

Walipofika nyumbani, Fundi alilisukuma kochi hadi barazani. Ukuta ukabaki mtupu. Wifi alisimama mlangoni na ufagio.

"Heee! Pambo limehama?"

"Pambo limeajiriwa," Msusi alimjibu. "Nipishe nipande ukuta."

Asubuhi na jioni vidole vilitambaa. Fundi alichukua chaki ya kuchorea vitambaa, akaweka alama pale kidole cha kati kilipoishia. Kesho yake alama nyingine, juu ya ile kwa unene wa uzi. Jioni walitembea wawili barabarani, naye Msusi aliwasalimu wateja wake wote. Mara nyingine ni Fundi aliyeomba warudi.

Baada ya dozi ya mwisho ya dawa, Msusi alizidiwa. Alitapika, akalala. Aliposimama tena ukutani, kidole kiliishia chini ya alama ya zamani. Aliegemeza paji la uso ukutani, akalia.

"Mkono hautapanda," alisema. "Mionzi itanipita."

Mkono wa Fundi ulitaka kwenda barazani kurudisha kochi. Aliuzuia. Alisimama kando ya mkewe, uso ukutani, akaweka vidole vyake karibu na vya mkewe.

"Leo tupunguze, kama tulivyoambiwa," alisema. "Twende mpaka pale tu. Mimi nawe."

Wakapanda pamoja mpaka pale. Wakashuka.

"Vidole vyako vibaya," Msusi alisema akifuta pua. "Vimejaa gundi."

"Ndivyo ulivyovikuta."

Kesho yake wakapanda tena. Nguvu zikarudi taratibu. Alama za chaki zikapita usawa wa kioo cha wateja, zikafika mahali Msusi alipohitaji kusimama kwa ncha za vidole vya miguu. Usingizi ukawa mtamu, chakula kikapanda. Asubuhi moja wifi alijikaribisha mwenyewe, akakaa mbele yake, akafungua kilemba.

"Nisuke. Ukichoka, pumzika. Mimi si mtu wa haraka, nimetoroka vyombo."

Msusi alimsuka nusu ya kichwa. Akachoka, akapumzika, na wifi akapika akiwa nusu amesukwa, nusu chaka.

Siku ya hospitali ikafika. Fundi alibaki benchi la nje, akisugua magoti. Ndani, yule kijana alimlaza Msusi kwenye kitanda chembamba.

"Tujaribu, mama. Inua mkono."

Mkono ukaondoka ubavuni. Ukafika usawa wa bega. Msusi akavuta pumzi. Ukapita. Alihisi kuvutwa kwapani, akangoja, akaendelea. Kiganja kikatua juu ya kichwa, kwenye vinywele laini vilivyoanza kuota.

Kijana alitabasamu. "Vizuri sana, mama. Tunaanza. Sasa tulia kabisa, usitikisike hata kidogo."

"Mwanangu," Msusi alisema, mkono wake ukiwa juu, "kutulia nilishafuzu zamani. Washa mashine."