Sauti ya Bibi Harusi

Salima alianza kupakua sahani mbili. Ya kwanza aliila mwenyewe, kidogo kidogo, na ya pili aliisogeza upande wa pili wa mkeka, akakaa akiitazama kwa adabu. Kaka yake Faridi alipomuuliza ni ya nani, alitabasamu tu. Alikuwa hajatamka neno tangu waliporudi kutoka kupiga filamu kule Mwakiro, na daktari aliyemchungulia koo alisema halina kasoro.

Faridi hakushtuka mara moja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza filamu za kutisha, na mtu wa vitisho huvizoea. Mtaa wote wa Magarama, hapo Gitega, ulimjua: damu yake ilikuwa nyanya ya kopo, fuvu lake lilikuwa boga, na majini wake wote walivaa shuka lile lile, ambalo kazi ikiisha lilirudi kitandani. Watu walizicheka filamu zake, kisha wakaja wenyewe wajaziwe kwenye simu.

Siku ya nne ya zile sahani, nyumba ikaanza kunukia udi, na udi haukuwamo ndani. Siku ya tano Salima aliamka mikono yake ina hina, maua yamepanda hadi kwenye viwiko, na hakuna fundi wa hina Gitega ambaye angeweza kazi ile. Hapo Faridi akaogopa kweli. Huyu alikuwa ndugu yake wa pekee, baba yao alimwachia yeye amlee, na sasa alimwona anakwisha, mashavu yameingia ndani, shingo imebaki mifupa, huku macho yake yakimfuata mtu anayetembea chumbani, kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kitandani, mahali ambapo Faridi hakuona kitu ila godoro likibonyea taratibu.

Akapanda gari la Muyinga asubuhi ile ile.

Mzee Chabani, sheikh aliyekulia Kigoma na kujulikana kwa kuwasomea wenye majini, alimpokea nyuma ya duka lake la vitambaa, akamtaka asimulie filamu ilivyopigwa. Faridi akasimulia. Ilikuwa hadithi ya baba mwenye tamaa anayemwoza binti yake kwa jini ili apate mali. Mchezaji wa kuwa baba hakutokea siku hiyo, basi Faridi akavaa kanzu akacheza mwenyewe. Jini hakuwepo, waliacha mto mtupu kwenye mkeka, wakipanga kumchomeka kwa kompyuta baadaye. Majina hawakuyabadilisha. Katika filamu zao kila mtu hucheza na jina lake, maana ukimpa jipya hulisahau katikati ya kilio.

"Ulisema maneno gani?" Chabani aliuliza.

"Ya ndoa, sheikh. Nilisema, nimekuoza Salima kwa mahari tuliyopatana. Nikanyoosha mkono pale kwa mto."

"Na wewe ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwoza. Mashahidi?"

"Iko wapiga picha wangu wawili. Niliwakalisha kwa mkeka, ili harusi ionekane iko na watu." Sauti yake ikashuka. "Sheikh, mkono wangu ulishikwa. Mi nilidhani ni baridi ya mvua."

Mzee alikunja kitambaa kilichokuwa mapajani mwake, akakikunjua, akakikunja tena.

"Binti alijibu nini?" alisema mwishowe. "Mwari akinyamaza, kimya chake huhesabiwa idhini. Lakini kama alikataa, hapana ndoa. Huyo aliyeko naye ni mwizi, na mwizi nitamtoa."

Faridi hakujua. Siku ile mvua ilipiga bati hata hawakusikizana. Aliona midomo ya Salima ikienda, akafikiri anaigiza vizuri. Sauti zote walizitia upya Gitega, chumbani kwake, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia kelele za barabara. Salima alikuwa keshakuwa bubu, basi akamwita Kadidja muuza mkaa, mwenye sauti ya kukwaruza, amsemee. Kadidja akasoma kama ilivyoandikwa: ndiyo, nimeridhika. Filamu ilikwishaonwa Gitega yote, na hata hapa Muyinga sokoni.

"Basi kaitazame midomo yake," Chabani akasema. "Na umlete kabla hajaacha kula kabisa."

Katika ua wao Magarama alikaa Klara, mshonaji ambaye ugonjwa ulimnyima masikio akiwa na miaka tisa, na tangu hapo aliwasoma wateja wake midomoni. Faridi akamketisha mbele ya kompyuta, akamwekea picha ya awali. Klara aliomba irudiwe. Akaomba tena. Kisha akaweka kiganja kwenye kioo, akaufunika uso wa Salima.

"Alikuwa anakuita we," alisema kwa sauti yake isiyopanda wala kushuka. "Anasema: kaka, simamisha. Iko mtu amekaa pale kwa mto. Kaka, mi sitaki. Hapana, hapana. Amekataa mara sita."

Faridi alilia. Aliikumbuka siku ile: alipomwona mdogo wake akitikisa kichwa, machozi yakimtoka, alimwonyesha dole gumba aendelee. Aliona aibu, na bado ndani ya aibu alijikuta anamshukuru Mungu, kwa kuwa amekataa, na kama amekataa atarudi.

Kesho yake mchana walikuwa kwa Chabani, yeye na Salima, na Klara akiwa shahidi wa midomo. Mzee akasoma, na kadiri alivyosoma harufu ya udi ilizidi hadi macho yakawasha, na hina mikononi mwa Salima ikazidi kuiva, na mkeka ukajikunja kando yake kana kwamba mtu anajiweka sawa, mpaka Chabani akaiinua simu yenye picha, akamwambia yule jini kwamba binti alikataa na walii wake amekuja kulikana neno lake.

Salima akafungua kinywa. Sauti ikatoka, na Faridi akaijua. Ilikuwa ya Kadidja, imefifia kidogo, kama ilivyofifia kati ya yale magodoro.

"Ndiyo," ilisema. "Nimeridhika. Gitega wamesikia. Muyinga wamesikia."

Chabani akasoma tena, kwa nguvu zaidi. Sauti ikarudia maneno yale yale, kwa pumzi ile ile. Mara ya tatu mzee aliufunga msahafu, akanong'ona kwamba idhini imesikiwa na masikio elfu, na ile hapana haikusikiwa na mtu. Faridi akajifunika uso.

Klara hakujifunika. Yeye hakusikia sauti yoyote. Alikuwa amemkazia macho Salima, ambaye midomo yake haikufuatana hata kidogo na maneno yaliyotoka, ikienda mbio, ikikauka, ikianza upya. Akamvuta Faridi shati.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza. "Bado anakuita, Faridi. Bado anasema hapana. Mjibu."