Viganja vya Shemeji

Fundi magari alikuwa dereva, msinibishie. Gari lake la jipu lilishapanda milima ambayo mbuzi akifika hukaa kwanza akafikiri. Jumamosi hiyo alienda kuzurura msituni na rafiki yake kinyozi, na shemeji yake, mdogo wa mkewe. Mke alisimama mlangoni.

"Huyo ndiye ndugu pekee niliyebakiwa naye. Umrudishe."

"Mama, unaongea na dereva!"

Magharibi iliwakuta kwenye mwinuko wa mwisho. Tope. Ukungu. Magurudumu yakazunguka bure, na nyuma korongo limeachama.

Ikabidi winchi, ile mashine ya mbele ya gari inayojivuta kwa waya, ifanye kazi. Shemeji akaushika waya wa chuma, umejaa grisi, apande nao kuufunga mtini.

"Glavu ziko wapi?" kinyozi akauliza.

"Nimesahau. Dada atanisugua!" Akacheka, akawaonyesha viganja, vyeusi kama masizi. Ukungu ukammeza.

Makubaliano yao: akishafunga, anautikisa waya mara tatu.

Wakasubiri. Hata vyura walinyamaza...

Waya ukatikisika. Moja. Mbili. Tatu.

"Vuta, shemeji!" sauti ikaita kutoka juu.

Fundi akapeleka kidole kwenye swichi ya winchi.

Ngo. Ngo.

Dirishani, upande wa korongo, alisimama shemeji. Anatetemeka. Ananuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Usivute," akanong'ona. "Niliteleza kabla sijaufikia mti. Huyo wa juu si mimi."

Kinyozi akaanza kusali, akachanganya dua na hesabu za wateja.

"Vuta basi, giza hili!" ikaita ya juu.

Fundi alimtazama wa dirishani. Uso ule ule. Kovu lile lile la nyusi.

"Ingia!"

Fundi akaufungua waya wote kwenye winchi, akauacha pale pale. Akarudi kinyumenyume kandokando ya korongo (hapo mseme mtakavyo, udereva ulikuwepo) hadi njia ya mtoni. Nyuma yao sauti ikawafuata, ikififia.

"Shemeji... mbona mnaniacha?"

Nyumbani mke alimkumbatia mdogo wake, akalia, akaleta beseni na sabuni. Fundi akashika taa.

Sasa, grisi ya winchi haitoki kwa tope wala maji ya mto. Unasugua kwa sabuni na mchanga, na kesho bado ipo.

Shemeji akakunjua viganja juu ya beseni.

Safi. Safi kama vya mtoto mchanga.

Fundi akatia mkono mfukoni, taratibu, kutafuta ufunguo wa gari.

"Unaenda wapi, shemeji?" yule akauliza, kichwa kimelala begani kwa dada. "Si nimesharudi?"