Gundi Kwenye Utepe wa Manjano

Duka la vitambaa lilikuwa limefurika asubuhi ile, na kipande cha mwisho cha manjano, manjano ya kiini cha yai, kilikuwa na wenyewe wawili. Upande mmoja alikishika mshonaji mwenye gauni la madoa meupe na futi shingoni. Upande wa pili alikishika fundi wa fremu za picha, shati limenyooka kwa pasi, viwiko vina vumbi la mbao.

"Kaka, achia. Nimekiona mimi kwanza."

"Dada, kuona si kushika."

"Na kushika si kulipa."

Muuzaji, ambaye siku yake ilishaharibika zamani, alichukua mkasi akakikata katikati. Kufika mlangoni fundi wa fremu alishaomba namba ya simu, akapewa.

Mapenzi yakaanza hivyo. Fundi alimwita mshonaji laazizi, naye fundi akaitwa Fremu. Fremu alikuwa na moyo safi, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu kimelegea akakiacha. Alikaza miguu ya kiti cha mshonaji bila kuuliza. Alibadilisha kitasa cha chumba cha kushonea bila kuuliza, akaondoka na ufunguo mpya mfukoni, na shangazi wa mshonaji, mwenye chumba hicho, akashinda nje ya mlango wake mwenyewe. Kila mara mshonaji alimwambia aulize kwanza. Kila mara Fremu aliitikia vizuri kabisa, na maneno yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Ndipo ukaja mfarishi wa mteja aliyekuwa akimwoza binti yake. Ni tandiko zito la vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, lenye pindo jeupe kisha pindo la buluu. Katikati ya mapindo hayo mshonaji alitia utepe mwembamba wa manjano uliokunjwa mara mbili. Ukingo mmoja ulibanwa ndani ya mshono, wa pili ukaachwa huru, uinuke kidogo kama mfuniko wa bahasha. Uzuri wake wote ulikuwa hapo.

Mshonaji alitoka kufuata pamba ya kujazia. Fremu akaja na chakula cha mchana, shangazi akamkaribisha, kisha akarudia usingizi wake. Macho ya Fremu yakaangukia utepe. Masikini laazizi, amesahau kumalizia. Na kwa kuwa balaa haliji peke yake, mfukoni alikuwa na gundi ya mbao. Akaipaka pande zote nne, akakandamiza kwa rula, na akajipongeza.

Mshonaji aliporudi alisimama na furushi la pamba mikononi.

"Umefanya nini?"

"Upande mmoja ulikuwa unaning'inia. Nimekumalizia."

"Nani alikuambia haujaisha?"

"Si nimeona mwenyewe?"

"Utepe huo ndivyo unavyokaa, Fremu. Gundi hii ikikauka ni kigae. Bibi harusi alale na kigae?"

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza. Mdomo huo ni wa kulia chakula tu?"

Hasira ilikuwa kubwa, lakini chini yake kulikuwa na hofu. Alimpenda mtu huyu, na alijiona akizeeka huku anarekebishwa kila siku kama kiti. Akamwambia aende zake na asimpigie simu.

Fremu alipiga, bila shaka. Simu iliita mpaka ikachoka. Hatimaye shangazi akaipokea, akamweleza kwamba utepe wote unafumuliwa, kwamba manjano ile haipatikani tena mjini, na kwamba Ijumaa mteja anakuja.

"Na wewe mwanangu," akamalizia, "usije huku na ufundi wako."

Ile nusu ya kitambaa aliyoipata Fremu dukani ilikuwa karakana kwake, imepigiliwa nyuma ya fremu ya kioo aliyokuwa akiichonga kwa siri. Aling'oa misumari yote.

Alipofika, mlango ulikuwa wazi. Hakuingia. Alipiga hodi mpaka mshonaji akainua kichwa.

"Naomba kuuliza," alisema. "Nina kile kipande changu. Unakitaka?"

Mshonaji alikikunjua akaona matundu. "Ulikuwa umekipigilia wapi?"

"Kwenye kioo chako. Nilitaka nikupe siku nitakayokuomba unikubali."

Mshonaji alikuwa bado amekasirika, na ilimuudhi kwamba machozi yaliyomtoka hayakujua hilo.

"Ingia," alisema. "Mkasi usiuguse."

Alikata kwa kukwepa matundu. Fremu akapewa pasi na amri. Kwa kila pini aliuliza, hapa au pale, mpaka mshonaji akamwambia kwamba kuuliza kwake nako ni adhabu. Shangazi alicheka kwenye khanga.

Utepe uliposimama tena kati ya pindo jeupe na la buluu, Fremu aliutazama, mikono nyuma.

"Nina swali la mwisho."

"Likiwa la pini nitakuchoma nayo."

"Si la pini. Nikuoe, au nisikuoe?"

Mshonaji alikata uzi kwa meno. Alipitisha kidole chini ya utepe, ukainuka, ukarudi mahali pake.

"Nioe," alisema. "Gundi ibaki karakana."