Wadudu wa Wino

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chausiku alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuteka maji kisimani kule bondeni, na kumnawisha uso mdogo wake Marijani, ambaye alipiga kelele utadhani anachinjwa. Mama yao, Mwanaasha, alijulikana mtaa mzima wa Keko kwa sheria yake moja. Maji ya kunywa hayakuingia mtungini mwake bila kuchemshwa. "Kuni ni nafuu kuliko sanda," alizoea kusema, na aliyebisha aliambiwa akanywe kwao.

Chausiku alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwepesi wa kazi na mwepesi zaidi wa kujionyesha. Siku gari la idara ya filamu lilipofika Keko kutafuta mtoto wa kuigiza katika filamu ya kampeni ya afya, nani alijipenyeza mpaka mbele kama si yeye! Msimamizi wa kazi aliitwa Ndugu Didas, mtu mrefu mwenye miwani mizito. Kazi yake hasa ilikuwa kukata na kuunga mikanda ya filamu ofisini, lakini watu walikuwa wachache, kwa hiyo alishika na kamera. Filamu hiyo, alisema, ingezungushwa katika vijiji vya ujamaa.

"Utasimama kisimani, utakunywa maji, kisha utajilaza kwenye mkeka kama mgonjwa, basi," Didas alimweleza. "Lakini ndani ya kikombe chako tutatia maji aliyochemsha mama yako. Ya kisima usiyatie mdomoni hata tone. Umenielewa, binti?"

"Nimekuelewa, mjomba."

Watu waliambiwa wakae mbali, kule juu liliposimama gari. Pale kisimani alibaki Chausiku na Marijani tu, kwa sababu Marijani alimfuata dada yake kila aendako. Didas alipogeuka kuhangaika na kamera yake, Chausiku akaweka kikombe kichwani na kuanza kutembea kwa maringo ili amchekeshe mdogo wake. Hatua ya tatu, pwaa! Maji yote chini. Na maji yakimwagika hayazoleki.

"Haya, tuko tayari!" Didas aliita.

Chausiku aliona aibu. Aseme nini, kwamba alikuwa akicheza? Akachovya kikombe kisimani harakaharaka, akasimama mbele ya kamera, akanywa. Didas akafurahi, akasema imetoka vizuri. Marijani naye akaanza kulilia kikombe, basi dada yake akampa maji yaliyobaki anyamaze. Mtoto akayamaliza yote.

Siku kumi baadaye Marijani alishikwa na homa. Mama alimpeleka zahanati, na nesi akauliza, "Mnakunywa maji gani nyumbani?"

"Ya kuchemsha, nesi. Wallahi, kwangu hayaingii mengine."

Nesi akaandika malaria, akatoa vidonge. Chausiku alikuwa amesimama mlangoni. Alifumbua mdomo, akamtazama mama yake, akaufumba. Vidonge vikaisha, homa isiishe. Marijani alikataa uji, akakataa hata muwa, na kila alipomlalia mama mapajani alishika tumbo na kulia kwa sauti ndogo. Mama alisema Jumatatu angemrudisha.

Jumamosi asubuhi, kabla Jumatatu haijafika, Ndugu Didas alileta filamu. Alitaka watu wa Keko waione kwanza. Madirisha ya darasa yalizibwa kwa mablanketi, jenereta likanguruma nje, na watu wakabanana kwenye madawati. Mama alibaki nyumbani na mgonjwa.

Chausiku alijiona ukutani, mkubwa kama mlango, ameshika kikombe. Watu wakapiga makofi. Kisha kikombe kikaonekana peke yake, na ndani ya maji wakatokea wadudu. Weusi, wenye mikia, wakijinyonganyonga na kuongezeka mpaka wakajaa! Halafu yeye huyo, akanywa. Halafu yeye huyo, amelala kwenye mkeka. Halafu kaburi dogo, udongo wake bado mbichi.

"Maskini!" mama mmoja alilia.

Chausiku aliingiwa na baridi mwili mzima. Kumbe kamera iliona! Ilitazama ndani ya maji yale ya kisima ikawaona wadudu, wakati yeye hakuona kitu. Na kama ilijua habari ya maji, basi na kaburi nalo ilijua. Lilikuwa kaburi fupi sana. Hakulala mle mtoto wa miaka kumi na mmoja. Alilipima kwa macho akaona linamtosha Marijani. Akaruka madawati, akakanyaga watu miguu, akatoka nje mbio.

Didas alimkuta nyuma ya darasa, amejikunyata.

"He! Mcheza filamu anaikimbia filamu yake?"

"Wale wadudu, mjomba..."

Didas akacheka kwa upole. Akatoa mfukoni kipande cha mkanda, akakielekeza kwenye jua. Kilikuwa na vipicha vingi vidogo vimepangana, na kila kipicha kina kikombe kile kile na vijidoa vyeusi.

"Tazama. Hawa nimewachora mimi, kwa kalamu na wino, kipicha kimoja baada ya kingine. Siku nne nzima, macho yaliniuma mpaka basi. Mkanda ukienda mbio, vinaonekana vinatembea."

"Na kaburi?"

"Kaburi gani! Ule ni udongo wa mafundi wanaochimba choo pale ofisini kwetu. Nilikata mkanda pale wewe ulipolala kwenye mkeka, nikauunga na picha ya udongo. Watu wakiona hiki kisha kile, wanamzika mtoto wenyewe, kwa akili zao." Akamgusa bega. "Tena maji uliyokunywa alichemsha mama yako. Sasa unaogopa nini?"

Hapo Chausiku angeweza kufuta machozi, akacheka, akarudi ndani kupigiwa makofi. Hakuna ambaye angejua. Lakini maneno yale ya kumtuliza ndiyo yalimmaliza kabisa. Wadudu walikuwa wa wino, sawa. Maji hayakuwa ya mama.

"Hayakuchemshwa, mjomba," alisema, akitetemeka. "Niliyamwaga. Nilichota ya kisima."

Didas akaacha kucheka. "Nani mwingine aliyanywa?"

"Marijani. Na sasa anaumwa."

Didas hakugomba hata neno moja. Alimwachia mwenzake wa ofisini mashine ya kuonyeshea filamu, akampakia Chausiku garini, wakawapitia mama na mgonjwa, wakaenda moja kwa moja hospitali. Mbele ya mama na daktari, Chausiku alirudia yote. Alieleza mpaka mwisho. Daktari akaagiza damu ipimwe. Ilikuwa homa ya matumbo.

"Habari ya maji imetusaidia," daktari alisema. "Tungeendelea kutibu malaria, mngemleta hapa hajiwezi." Chausiku naye alipimwa, akakutwa mzima. Usiku ule hakula.

Siku tano mama hakusema naye zaidi ya "lete" na "pokea", na kimya kile kilimtisha Chausiku kuliko fimbo. Siku ya sita homa ya Marijani ilishuka. Akakaa kitandani, shingo imekonda kama ya kifaranga, akadai andazi. Mama alicheka huku analia. Kisha akamvuta Chausiku wakae pamoja kwenye benchi la nje.

"Nilimwapia nesi kwamba maji yangu ni ya kuchemsha," alisema. "Ukanisikia, ukanyamaza. Uliogopa nini?"

"Kupigwa, mama."

"Ningekupiga, sikufichi. Kofi linauma mpaka jioni. Ungemzika mdogo wako, ingekuuma mpaka lini?"

Chausiku akaangua kilio. Mama akamfuta uso kwa pindo la khanga.

"Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kumwaga maji si kosa kubwa, kila mtu humwaga. Kosa lilikuwa kunyamaza. Siku nyingine ukiharibu kitu, njoo uniambie hata kama unatetemeka. Tutatetemeka wote wawili, lakini dawa tutakuwa tumeshaanza kuitafuta."