Uji Unaokaa Kijikoni

Kila asubuhi Mama alifanya mambo matatu kwa mpangilio uleule. Alimnyonyesha mtoto, akapika uji wake na kuufungia ndani ya termosi, kisha akavaa ovaroli yake iliyojaa madoa ya rangi za kila nyumba aliyowahi kuipaka. Ovaroli ile ilikuwa historia ya mtaa mzima. Ukitaka kujua mlango wa duka la kona ulikuwa wa rangi gani miaka minne iliyopita, ungeangalia goti lake la kushoto.

Mama alikuwa fundi rangi. Baada ya kujifungua alikaa nyumbani miezi sita, na sasa alikuwa amerudi kazini kwa kazi ambayo hakuwahi kuipata maishani: kupaka madarasa matano ya shule ya jirani, yeye mwenyewe akiwa fundi mkuu mwenye funguo mfukoni. Shule haikuwa mbali, hivyo saa sita mchana alikuja nyumbani kunyonyesha na kuijaza termosi uji mwingine. Lakini uji wa saa nne asubuhi na ule wa saa kumi jioni aliukabidhi kwa binti yake wa miaka kumi na miwili, kwa kuwa ilikuwa likizo ndefu.

Binti huyo nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mdogo wake wa kiume, mwenye miezi saba, aliitwa Bwana Mkubwa. Alikuwa na kawaida ya kukaa kwenye mkeka akiwatazama watu kwa uzito, kama anayesubiri waeleze kwa nini wamechelewa kazini.

Bwana Mkubwa hakukubali chakula kirahisi. Siku ya kijiko chake cha kwanza familia nzima ilikusanyika kumtazama. Aliupokea uji, akakunja uso, akausukuma nje wote kwa ulimi mpaka kidevuni, kisha akamwangalia Mama kwa jicho la mtu aliyesalitiwa. Bibi, mama yake Mama, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Muuguzi wa kliniki alimwambia Mama asiwe na wasiwasi. Ulimi uliozoea kunyonya huchukua muda kujifunza kula, kwa hiyo aanze na vijiko viwili au vitatu, aongeze polepole, wala asimlazimishe.

Jambo moja muuguzi alilitilia mkazo. Uji usiwe mwepesi. Ukiinamisha kijiko, uji ubaki kijikoni. Ukichuruzika kama maji, huo haumkuzi mtoto. Mama alimweleza Chiriku vilevile, tena kwa lugha ya kazi yake. Alimwambia ni kama rangi: ukiinua kijiti kutoka kwenye kopo rangi ikakimbia kama maji, hiyo hairuhusiwi kugusa ukuta.

Wiki ya kwanza Chiriku alifanya kazi yake vizuri mno. Alinawa mikono kwa sabuni, akamketisha Bwana Mkubwa, akamlisha kijiko baada ya kijiko. Tatizo lilikuwa muda. Uji mzito, uliochanganywa na karanga zilizosagwa na ndizi iliyopondwa, ulichukua nusu saa nzima kuisha. Bwana Mkubwa aligeuza kichwa, akapuliza mapovu, akashika kijiko na kukataa kukiachia. Na wakati huohuo nje ya dirisha wasichana wenzake walikuwa wakiruka kamba na kuhesabu kwa sauti. Chiriku alikuwa mrukaji hodari kuliko wote pale mtaani. Kusikia wenzake wakifika mia moja bila yeye kulimkereketa rohoni.

Siku moja akapata wazo. Alichota vijiko vitatu vya uji, akavitia kikombeni, akajaza maji ya kwenye birika yaliyochemshwa yakapoa, akakoroga. Bwana Mkubwa aliunywa kwa mafunda, hata dakika tano hazikuisha. Ukabaki uji mzito ndani ya termosi. Kuumwaga ilikuwa dhambi, na kuuacha ilikuwa kujichongea mwenyewe. Chiriku akaula. Ulikuwa mtamu.

Bibi aliyekuwa ameketi mlangoni kwenye meza yake ya nyanya na vitunguu alishangaa kumwona anatoka mapema namna ile. Aliuliza kama mtoto amemaliza.

"Amemaliza, Bibi. Hata tone halikubaki," akajibu Chiriku, na kweli termosi ilikuwa tupu.

Bibi akammwagia sifa. Kila mteja aliyekuja siku ile aliondoka na nyanya zake pamoja na habari za mjukuu anayejua kulea. Chiriku alizisikia sifa hizo huku akiruka kamba, na zilimnogea kuliko hata uji.

Basi ikawa ndiyo desturi. Asubuhi kikombe chepesi, jioni kikombe chepesi, na kilichobaki anakimaliza mwenyewe. Hakujiona kama anadanganya, maana tumbo la Bwana Mkubwa lilijaa ndi, na mtoto mwenye tumbo lililojaa ameshiba, au sivyo? Kweli baada ya saa moja mtoto alianza kulialia, lakini watoto hulia. Kweli Mama alianza kulalamika kwamba mtoto ananyonya kuliko zamani na hamwachi apumzike. Baba yao, dereva wa lori aliyekuwa akirudi nyumbani kila Jumamosi, alimbana Chiriku shavu akamwambia likizo imemkubali sana. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo matatu.

Ikafika siku ya kliniki. Mama aliomba ruhusa ya asubuhi, akamvisha Bwana Mkubwa kofia yake, Chiriku akabeba begi. Walisubiri kwenye benchi refu pamoja na akina mama wengine mpaka zamu yao ikafika. Mtoto akawekwa kwenye mizani, akamkazia macho muuguzi. Muuguzi akasoma, akasubiri mizani itulie, akasoma tena. Kilo saba na robo.

Kwenye kadi ya mtoto kulikuwa na mstari uliochorwa kwa kalamu, nukta kwa nukta, mwezi kwa mwezi. Miezi yote ulikuwa ukipanda vizuri. Muuguzi akaweka nukta mpya, na mstari ukalala kama barabara ya tambarare. Mtoto hakuwa ameongezeka hata kidogo.

Muuguzi aliuliza kama aliugua. Hakuugua. Aliuliza kama anaharisha. Haharishi. Aliuliza anakula nini, na Mama akaeleza kwa fahari uji, karanga, ndizi, na viazi na maharage anavyompondea mwenyewe kila jioni. Muuguzi akatikisa kichwa, hakuelewa. Akasema warudi baada ya wiki mbili, na kama hali itakuwa ileile, mtoto apimwe zaidi.

Chiriku alikuwa na la kusema. Lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Lakini mdomo ule ambao haukujua kupumzika, siku hiyo ulikauka kabisa.

Walipotoka nje Mama alishika njia ya kwenda shule. Kisha akasema, kana kwamba anajiambia mwenyewe, kwamba alirudi kazini mapema mno, kwamba mtoto anamkosa mama yake, na kwamba atapitia shuleni sasa hivi kukusanya vifaa na kumkabidhi msimamizi wa shule funguo. Madarasa atapaka mwingine.

Waliingia darasa la tatu, ambalo Mama alikuwa amelipaka nusu. Ukuta mmoja ulikuwa mpya, laini, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ukuta wa pili ulikuwa bado wa zamani. Mama alimpa Chiriku mtoto ambebe, akaanza kufuta brashi zake moja moja na kuzifunga kwenye kitambaa. Alipofika kwenye ukuta wa zamani, kwa mazoea tu ya ufundi, aliupitishia kiganja. Kiganja kikatoka kimejaa unga mweupe.

"Umepakwa mwaka jana tu huu," alisema. "Aliyepaka alizidisha maji. Rangi nyepesi inakwenda haraka, mkono hauchoki, na siku hiyo huwezi kugundua. Ukuta unaonekana umepata rangi, kumbe umepata maji."

Chiriku alikitazama kiganja kile. Kisha akamtazama Bwana Mkubwa, ambaye alikuwa ameegemeza kichwa begani kwake bila wasiwasi wowote. Machozi yakamtangulia kabla ya maneno.

"Mama, usifunge brashi."

"Kwa nini?"

"Kazi yako haina kosa. Ni mimi."

Akaeleza yote: kamba, kikombe, birika, vijiko vitatu. Chiriku alipomaliza, Mama alimchukua mtoto, akamsogezea binti yake kifuniko cha kopo, kijiko cha kuchotea rangi na chupa ya maji, akamwambia amwonyeshe alivyokuwa akiuchanganya uji. Chiriku akatia rangi kidogo kwenye kifuniko, akamiminia maji mengi, akakoroga. Mama akachovya kijiti, akakiinua. Yale maji meupe yakadondoka sakafuni, tititi, kijiti kikabaki mti mtupu.

"Na uji uliobaki ulikuwa unaupeleka wapi?"

"Niliula."

"Wote?"

"Wote, Mama. Kila siku."

Mama aliyatazama yale mashavu ambayo Baba aliyasifu. Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, lakini hakucheka.

"Nimekasirika, na sitakuficha," alisema. "Pale kliniki nilijiona mama nisiyefaa, na wewe ulikuwa umekaa ubavuni mwangu ukijua. Hilo limeniuma kuliko uji." Akafungua kitambaa na kuzitoa brashi zake tena. "Ila umesema kabla sijarudisha funguo. Siku ya kliniki muuguzi utamweleza mwenyewe, kwa mdomo wako."

Nyumbani Bibi alipopata habari alisema anazitaka zile sifa zake zote zirudishwe, na wateja waambiwe. Kamba ya kuruka ikatundikwa kwenye msumari juu ya mlango kwa wiki mbili. Termosi ikarudi mikononi mwa Chiriku, maana Mama alisema kazi iliyoharibika hurekebishwa na aliyeiharibu. Mama alimwonyesha upya, na kijiko kikainamishwa mbele ya macho yao wote wawili mpaka Chiriku akaona uji umetulia.

Nusu saa ile ile iliyomchosha sasa alilazimika kuikaa. Siku ya kwanza Bwana Mkubwa, aliyezoea mafunda, alifunga mdomo akakataa katakata. Chiriku hakumlazimisha. Alianza tu kumsimulia habari za mtaa: paka wa jirani aliyeanguka kwenye beseni, Bibi aliyetafuta miwani ikiwa usoni mwake. Mtoto akakodoa macho. Akasikiliza. Na mtu anayesikiliza kwa mshangao huacha mdomo wazi. Chiriku akaingiza kijiko. Kumbe dawa ilikuwa maneno, na maneno Chiriku alikuwa nayo ya kutosha kulisha kijiji. Ikafika hatua Bwana Mkubwa akimwona dada yake ananawa mikono, anaanza kupiga mkeka kwa viganja na kufungua mdomo hata kabla termosi haijafunguliwa. Chiriku alifurahi, na ilikuwa furaha ya kweli, kwa sababu safari hii hakukuwa na kitu cha kuficha ndani yake.

Baada ya wiki mbili walirudi kliniki. Mizani iliyumba, ikatulia. Kilo saba na nusu na kitu. Muuguzi akaweka nukta, akaiunganisha na nyingine, na mstari ukainuka. Mama akavuta pumzi ndefu kama aliyekuwa ameishikilia kwa wiki zote mbili.

Muuguzi aliuliza kilichobadilika. Mama akamgeukia Chiriku. Akina mama wote wa benchi walikuwa wakisikiliza, na Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini alisema. Hakuacha hata lile la kuula uji.

Muuguzi aliweka kalamu chini.

"Tumbo la mtoto ni dogo, kama ngumi yake tu," alisema. "Ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi? Alikuwa ameshiba na ana njaa kwa wakati mmoja. Na kitu kingine, binti yangu. Mizani iliniambia kuna tatizo, lakini haikuweza kuniambia ni lipi. Kadi nayo haikuweza. Ningempima mtoto huyu damu na kila kitu, na mama yako angeacha kazi yake, na bado tusingejua. Ilibidi mtu mmoja aseme ukweli. Umekawia, lakini umeusema, na mdogo wako amepona kwa huo ukweli pamoja na kijiko."

Kisha akamwomba asimame mbele ya benchi awaonyeshe akina mama wengine, hasa wale ambao watoto wao ndio kwanza wanaanza kula. Mama alitoa termosi begini. Chiriku akanawa mikono, akachota uji, akakiinua kijiko wote wakione. Akaeleza usiwe mwepesi, usiwe na mabonge, uongeze polepole, usikimbilie kumaliza. Akakiinamisha kijiko. Uji haukuanguka.

Alikuwa bado ana mengi ya kusema, maana ni Chiriku huyo. Lakini Bwana Mkubwa, akiwa mapajani kwa Mama, alikuwa amekiona kile kijiko muda mrefu. Akajivuta mbele, akakidaka kwa mdomo, uji wote ukaingia ndani. Benchi zima likacheka, na Chiriku akachota kijiko cha pili.