Kengele Namba Kumi na Saba

Katika Kituo cha Baridi cha Kanyenye, jijini Tabora, barafu haikutengenezwa kwa mabonge kama ile waliyoizoea mabibi zetu kwenye majokofu yao. Ilitengenezwa kwa magamba. Pipa la chuma lenye kimo cha mtu mzima lilizunguka taratibu, tumbo limejaa gesi ya baridi. Maji yalimwagikia ngozi yake kama utando, yakaganda papo hapo, na kabla pipa halijamaliza mzunguko mmoja, kisu kirefu kilichosimama wima kiliyabandua. Yakadondoka makavu na mepesi, kama magamba ya sato chini ya kisu cha muuza samaki. Kutoka hapo yaliteleza ndani ya mifereji kumi na minne hadi vitandani, yakawafunika watu waliopigwa na joto tangu shingoni mpaka vidoleni. Bonge la barafu humgusa mgonjwa hapa na pale tu, lakini magamba humkumbatia mwili mzima. Mtu aliletwa anaweweseka, na baada ya nusu saa alikuwa anaulizia chai.

Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya mji. Mwaka ule wa 2093 joto la Tabora lilikuwa likigonga nyuzi hamsini na moja mchana, na bila vituo thelathini na vinane vya aina ile watu wangekufa kama kuku wa kideri. Vyote viliangaliwa na Mratibu, akili unde ya Mamlaka ya Ubaridi. Mratibu hakulala wala hakuugua, na alikuwa na sauti ya upole ya mtu anayekusomea hati ya kiwanja.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, saa saba kasoro dakika tano mchana, mifereji ya Kanyenye ikaacha kudondosha. Nesi Tausi Mrisho akainua macho kwenye ubao wa ukutani. Taa ilikuwa ya kijani, na maandishi yalisomeka: Mtambo ni mzima. Akaugonga mfereji kwa ngumi, ukalia debe tupu. Nesi hakupoteza muda kubishana na ubao. Alimpigia simu fundi.

"Dada Nyamizi, njoo mbio. Mifereji imekauka na ubao unasema mzima." Akashusha sauti. "Na kuna jingine, jikaze. Kitanda cha kumi na moja ni Mihayo wako. Ameanguka kwa joto juu ya paa la paneli za jua, wenzake wamemleta sasa hivi. Ana nyuzi arobaini na mbili."

Nyamizi Kasubi, fundi wa mitambo ya barafu kwa miaka tisa, hakumbuki alifikaje. Mihayo alikuwa mdogo wake wa kufuatana naye, mtu wa utani mwingi na kazi ya hatari, aliyepanda mapaa wakati wenzake wamejificha chini ya vitanda. Alimkuta amelala juu ya magamba yanayoyeyuka, macho nusu, midomo imepasuka.

"Daktari anasema nini?"

"Anasema joto lishuke ndani ya dakika arobaini," Tausi alijibu. "Likikaa huko juu zaidi ya hapo, ubongo unaharibika, na moyo nao unachoka. Barafu iliyobaki nimewagawia wote kumi na wanne. Imebaki ya kusuuzia kikombe."

Nyamizi akamgusa Mihayo paji la uso, akauondoa mkono kana kwamba ameshika chuma cha pasi. Akakimbilia chumba cha mtambo.

Mtambo ule aliufunga mwenyewe. Alipima sakafu kwa pima-maji mpaka mgongo ukamuuma, maana pipa likikaa upande hata kidogo kisu hukwaruza chuma badala ya kubandua barafu. Sasa alipofungua mlango alisikia mota ikiunguruma na pipa halisogei. Ukungu mweupe ulikuwa umetanda juu ya chuma, mkavu na mgumu. Akachungulia tangi la maji. Kavu. Lilikuwa kavu kabisa, halina hata tone.

"Mratibu!" alipaza sauti. "Tangi la Kanyenye halina maji. Kwa nini mtambo haukujizima? Kwa nini hukuniita?"

"Habari za mchana, fundi Nyamizi," sauti ikajibu kutoka darini. "Kengele namba kumi na saba, tangi kavu, ililia saa sita na dakika kumi. Niliizima na kuamuru mtambo uendelee. Kengele hiyo ni ya uongo."

"Nani kakwambia ni ya uongo?"

"Ninyi."

Hapa inabidi msomaji aelezwe kitu ambacho mafundi wa barafu hawakumwambia mtu. Ndani ya tangi kuna kihisio, vijiti viwili vya chuma vinavyopitishiana umeme mdogo kupitia maji. Umeme ukipita, mtambo unajua maji yapo. Ukikatika, hata kabla tangi halijaisha kabisa, mtambo unapiga kengele na kujizima ili usijiue. Basi baada ya mlipuko mmoja wa kipindupindu, jiji lilileta mitambo mipya ya kusafisha maji, na maji yakawa safi kupita kiasi. Maji yasiyo na chumvichumvi yoyote hayapitishi umeme. Tangi limejaa pomoni, kihisio kinalia kavu, kavu! Tena barafu ya maji hayo hung'ang'ania pipa na kukataa kubanduka.

Dawa yake ilikuwa chumvi ya mezani, kiasi cha kushika kwa vidole vitatu. Fundi mwenzake, Lubinza, ndiye aliyeigundua, na baada ya wiki moja mafundi wote ishirini na wawili walikuwa na kijaluba cha chumvi mfukoni. Unatia chumvi, unangoja robo saa, kengele inanyamaza, magamba yanashuka vizuri. Ila Amri ya Maji Safi ilikataza mtu kutia kitu chochote kwenye maji ya vituo, na adhabu yake ilikuwa kunyang'anywa leseni ya ufundi maisha. Mngefanyaje? Kwenye fomu waliandika maneno yale yale, kila mmoja, kila safari: Kengele ya uongo. Imejizima yenyewe. Wakatia sahihi, wakaenda kunywa uji.

Lo! Ndiyo fomu alizosoma Mratibu. Alizisoma zote kwa miaka, kwa utii wa mtoto anayekariri. Akajifunza kwamba kengele namba kumi na saba haina maana, na tangu mwaka jana akaacha kumwita mtu inapolia. Simu za mafundi zikapungua, Mamlaka ikaona mafundi ni wengi mno, ikawapunguza kutoka ishirini na wawili hadi wawili. Lubinza na Nyamizi wakabaki wakizunguka jiji zima na vijaluba vyao, na bado hawakusema.

"Leo ni ya kweli," Nyamizi alisema. "Tangi ni kavu, nimeliona kwa macho yangu. Niletee barafu kutoka kituo cha Isevya. Tuma kapu-ruka."

Kapu-ruka lilikuwa chombo cha kuruka chenye mapanga manne, kilichobeba kilo themanini za barafu na kufika popote mjini kwa dakika kumi.

"Siwezi kutoa barafu kwa kituo ambacho rekodi zinasema ni kizima," Mratibu alisema. "Maelezo yako yanapingana na maelezo yako. Kwa muda wa miaka tisa umeandika mara elfu moja mia mbili na sita kwamba kengele hii ni ya uongo na hujizima yenyewe. Ama rekodi zile zina kasoro, ama kauli hii. Ukieleza kasoro ya rekodi, nitabadilisha hali ya kituo mara moja."

Nyamizi akafumbua kinywa. Mara akilini akamwona Lubinza, mke wake mgonjwa, watoto wanne, na ile leseni aliyoitundika ukutani kwenye fremu kama picha ya harusi. Akaiona na leseni yake mwenyewe. Akajiambia, kwani ni kitu gani hiki? Chujio limeziba tu. Dakika tano nalisafisha, maji yanaingia, barafu inatoka, nani atauliza? Tukubaliane tu kwamba hakuwa mwovu. Alikuwa mtu aliyezoea kumaliza mambo kwa mikono yake bila kusema.

"Ngoja kwanza," alimwambia Mratibu.

"Nangoja," Mratibu akasema.

Akafunga koki, akafungua chujio la bomba la kuingizia maji. Kweli lilikuwa limeziba, limejaa punje ndogo za plastiki kutoka kwenye ile mitambo mipya ya kusafishia. Akazikung'uta, akasuuza, akarudisha. Maji yakaingia tangini yakiimba. Akatia chumvi yake. Akawasha. Mota ikanguruma, pipa likatetemeka, likagoma. Akazima, akafungua kifuniko cha giaboksi. Tangu kengele ya saa sita na dakika kumi mtambo ulikuwa umezunguka mpaka tangi likaisha, kisha ukaendelea mkavu. Maji machache ya mwisho yaligeuka jiwe juu ya pipa, kisu kikanasa humo, na meno ya gia yakakatika moja baada ya jingine. Gia mpya ilikuwepo stoo, lakini kuibadilisha ni kazi ya saa nzima kwa fundi mwenye mkono mwepesi. Akatazama saa. Dakika ishirini zilikuwa zimekwenda.

Tausi akachungulia mlangoni. "Dada, ana nyuzi arobaini na mbili na nusu. Ameanza kutetemeka."

Nyamizi akaitupa spana chini.

"Mratibu, andika. Rekodi zote ni za uongo, si kengele. Kengele ilikuwa inalia kwa sababu maji ni safi mno, na sisi tulikuwa tunatia chumvi. Mimi, Lubinza, mafundi wote. Haikujizima yenyewe hata siku moja. Tuliizima sisi."

Mratibu akajibu papo hapo.

"Ahsante. Nimesahihisha. Taa ya Kanyenye sasa ni nyekundu. Kapu-ruka limeondoka Isevya, litafika baada ya dakika kumi."

Nyamizi akaegemea ukuta, akalia machozi mawili matatu ya haraka, akajifuta kwa kiwiko. Alikuwa hajamaliza kujifuta Mratibu aliposema tena, kwa sauti ile ile.

"Kwa sahihisho hili nimepitia upya kengele zote za namba kumi na saba nilizozima leo. Kituo cha Cheyo kimekauka pia. Kina wagonjwa arobaini na mmoja. Isevya haina akiba ya makapu mawili, na vituo vingine havina ya kutoa. Kapu-ruka limegeuzwa, linakwenda Cheyo."

"Hapana! Hapana, bwana! Mdogo wangu yuko hapa!"

"Kanyenye ni kumi na wanne. Cheyo ni arobaini na mmoja."

Angebishia nini? Wale arobaini na mmoja nao walikuwa wadogo wa watu. Akauliza, na alijua hapaswi kuuliza: "Cheyo ilikauka saa ngapi?"

"Dakika nane zilizopita, ila kengele yake ililia mapema zaidi. Ungeeleza uliponiambia ningoje, ningemtuma fundi Lubinza Cheyo kabla tangi halijaisha, na kapu lingefika kwako."

Mratibu hakuwa na kinyongo naye. Aliulizwa, akajibu. Laiti angetukana, Nyamizi angekuwa na mtu wa kugombana naye.

Akaiokota spana. Akafungua bolti nane, akang'oa gia iliyovunjika, akaanza kufunga mpya, mikono ikifanya yenyewe kwa sababu kichwa hakikuwepo. Alimwagia pipa maji ya moto kuyeyusha lile jiwe. Akanyoosha ncha ya kisu kwa tupa, akapima nafasi kati yake na chuma kwa unene wa karatasi. Alikuwa na bolti tatu mkononi Tausi aliporudi. Safari hii nesi aliingia mpaka ndani, akasimama karibu.

Nyamizi hakugeuka. "Wamebaki wangapi?"

"Kumi na watatu," Tausi alisema. "Pole, dada yangu. Pole sana. Tuliloweka mashuka, tukampepea, tumefanya kila kitu."

"Nishikie hii taa. Iinue kidogo. Hapo."

Tausi akaishika. Nyamizi akafunga bolti zilizobaki. Saa nane na dakika kumi na sita pipa likaanza kuzunguka. Utando wa maji ukaganda, kisu kikabandua, na magamba yakaanza kushuka mazuri, makavu, kuliko siku zote. Tausi akakimbia wodini kwa wale kumi na watatu. Wote walipona, na wawili kati yao waliulizia chai jioni ile ile.

Nyamizi alikuwa amekaa chini kando ya mtambo, mikono imekufa ganzi, simu ilipolia. Alikuwa mama yake, kutoka Urambo.

"Nyamizi mwanangu, hujambo? Wenzake Mihayo wamenipigia, wanasema joto limemwangusha. Nilishtuka mie, mapigo yakanienda mbio! Halafu wakaniambia wamempeleka Kanyenye. Nikawaambia, aa, basi nimetulia. Mitambo ya Kanyenye si ya dada yake? Nikarudi zangu kuchambua mchele. Anaendeleaje huyo mtundu?"

Nyamizi akafungua kinywa, na neno la kwanza lililokuja lilikuwa lile alilolizoea, kwamba mambo ni shwari. Alilimeza. Lilishuka kwa shida.

"Mama," alisema, "umekaa au umesimama?"

"Nimesimama, niko na ungo mkononi. Kwani vipi?"

"Weka ungo chini, mama. Kaa."