Sakafu ya Hehir

Kofia tu. Dervla Talty alikuwa amekwenda kuchukua kofia ya baba yake, basi.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba, saa kumi na nusu jioni, na giza lilishaanza kushuka juu ya mashamba ya jimbo la Clare. Malachy Hehir, mwenye baa ya pale njia panda, alikuwa amempigia simu asubuhi. Sauti yake ilikuwa na mate mengi, na Dervla alipokata simu alijikuta anaifuta kwenye sketi.

"Nimeiona nyuma ya benchi, mwanangu. Kofia ya mzee Senan. Njoo uichukue. Na fidla yako njoo nayo, leo kuna kikao cha muziki."

Senan Talty alipotea mwezi wa pili. Alitoka nyumbani kwenda kuimba kwa Hehir, hakurudi. Watu walitafuta ufukweni wiki tatu, wakasema bahari imemchukua, wakarudi kwa ng'ombe wao. Mkewe, Philomena, aliendelea kumngoja. Kila jioni aliweka sahani ya Senan mezani, na kabla ya kulala aliiosha sahani isiyo na doa. Miezi tisa hiyo! Bila cha kuzika hakuna mazishi, na bila mazishi sahani ile isingetoka mezani. Dervla alikuwa amechoka kuiona. Alitaka kitu cha kuweka kaburini, hata kofia.

Alisukuma mlango wa baa. Harufu ikampokea kabla ya watu.

Harufu ya bia iliyochacha ni kawaida, kila baa inayo. Hii ilikuwa na nyingine chini yake, tamu-tamu, nzito, ya maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo mpaka mashina yakageuka ute. Ilimkaa kooni. Alimeza mate na mara hiyohiyo akajuta kuyameza.

"Karibu, karibu, binti wa Senan!" Hehir alikuwa nyuma ya kaunta, mnene, mweupe, midomo yake imelowa wakati wote. Alimpa mkono. Mkono ulikuwa na unyevu na ulikawia kumwachia. Alifuta kaunta kwa kitambaa cha kijivu, akajifuta shingo kwa kitambaa hichohicho, kisha akakitumia kukaushia glasi.

"Kofia, Mzee Hehir."

"Kofia ipo, haina miguu. Kaa kwanza upige nyimbo mbili. Mpigaji hanunui kinywaji kwangu, unajua."

Akamjazia bia nyeusi. Juu ya povu kulikuwa na unywele mmoja mweupe umejikunja. Dervla aliushika kwa ncha za kucha, akauvuta. Ulikuwa mrefu kuliko alivyodhani. Uliendelea kuja... na kuja... Akaisukuma glasi pembeni na hakuigusa tena.

Kwenye kona ya wanamuziki, karibu na moto, walikaa watu watatu. Mama Concepta, bibi wa miaka sabini na kitu, na kinanda chake kidogo cha mkononi. Fintan, mpiga filimbi, ambaye alikuwa rafiki wa baba yake tangu shule. Na mpiga gitaa mmoja mgeni, kijana wa mjini, asiyeinua macho. Mezani palikuwa na bakuli la miguu ya nguruwe iliyochemshwa, imepoa, mafuta yameganda juu, na Fintan alikuwa anainyonya mfupa kwa mfupa.

"Dervla! Tulidhani umeolewa na huyo fidla," Fintan alisema, kidevu kinang'aa mafuta. "Hujaonekana tangu majira ya baridi."

"Nilikuwa namtafuta baba, Fintan. Wewe ulimtafuta siku ngapi?"

Fintan akarudi kwenye mfupa wake.

Kabla hawajaanza, Hehir alitoka kaunta amebeba trei ya chini ya mabomba ya bia, ile inayokusanya matone. Ilikuwa imejaa mchanganyiko wa rangi ya matope, na ndani yake mnaelea vipande vya mkate na nzi wawili. Alikwenda mpaka kwenye jiwe kubwa la sakafu mbele ya moto. Ukingoni mwa jiwe palikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi ya mtoto. Akainama, tumbo likamning'inia, akamimina taratibu.

Chini ya jiwe, kitu kilimeza.

Gubu... gubu... gubu.

"Mabomba ya zamani hayo," Hehir alisema, akalamba kidole gumba. "Sakafu ya baba wa baba yangu hii. Alizika vichwa vya farasi chini, vitatu, ili miguu ya wachezaji ilie vizuri."

Hilo halikumshtua Dervla. Nyumba nyingi za zamani upande ule zina fuvu la farasi chini ya jiwe, na mtu akipiga hatua, sauti inarudi imejaa.

"Mimi nimeongezea kidogo," Hehir akasema.

Mama Concepta akaanzisha wimbo haraka, kama mtu anayefunga mlango. Dervla aliweka fidla begani. Lazima tuseme ukweli: ilikuwa raha. Hakuwahi kupiga mahali panapoitikia vile. Kila noti ilitoka kavu na ikarudi imenona. Kwa dakika moja nzima alisahau harufu, akasahau unywele, akasahau hata alichofuata.

Kisha akaona miguu.

Mpigaji wa huku hugonga mguu hata usingizini. Tangu utoto unafundishwa wimbo kwa kisigino kabla ya mkono. Lakini Mama Concepta alikuwa ameinua miguu yake miwili, ameiweka kwenye mti wa chini wa kiti. Fintan naye. Mgeni wa gitaa alikuwa amekunja magoti kifuani kama mtu anayeogopa panya. Hakuna aliyegusa sakafu.

Na bado mguu ulikuwa unagongwa. Tap. Tap. Tap.

Dervla akatazama chini. Ulikuwa wa kwake.

"Nyanyua mguu, binti," Mama Concepta alinong'ona, midomo haichezi. "Nyanyua, kwa jina la Mama Maria. Usimwamshe."

Alinyanyua.

Tap. Tap. Tap.

Ilikuwa inatoka chini. Jiwe lilikuwa linajibu. Halafu, katikati ya mapigo, ikaanza sauti. Ya mtu mzee. Iliimba kwa ulimi, bila maneno, ikiufuata wimbo bega kwa bega.

*Didli-dam didli-dai, didli-dam... tak.*

Dervla aliijua sauti hiyo.

Senan Talty hakujua kupiga ala hata moja. Ala yake ilikuwa mdomo. Aliimba nyimbo za fidla kwa ulimi tangu kijana, na alipozeeka, meno yake ya bandia ya juu yalilegea, hata kila mwisho wa mzunguko yaligonga ya chini. *Tak.* Wenzake walimtania miaka kumi: "Senan, leo umekuja na mpiga ngoma wako?" Hakuna mtu mwingine duniani aliyeimba na hilo *tak.*

*Didli-dam didli-dai... tak.*

Dervla alishusha upinde. Wimbo uliendelea. Aliwatazama mmoja mmoja. Mama Concepta alifumba macho. Fintan alikuwa anatabasamu huku anapuliza, kichwa anakiinamisha kuelekea jiwe ili asikie vizuri zaidi. Walijua. Walikaa hapa kila Jumapili kwa miezi tisa, wakala nyama, wakanywa bia ya bure, wakapiga muziki juu ya rafiki yao, kwa sababu sakafu ilikuwa na sauti nzuri! Kati ya yote aliyoyaona jioni ile, hilo ndilo lililompandisha nyongo mpaka mdomoni.

"Mnajua," alisema. "Mbwa nyie. Mnajua!"

Fintan alitoa filimbi mdomoni. "Sikia, Dervla. Hakuwahi kuimba hivi alipokuwa hai. Pumzi ilikuwa inamkatika. Sikia sasa."

"Kweli kabisa," Hehir alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Hakusikika akija. Pumzi yake ilimgusa Dervla shingoni, ya moto, inanuka yale maji ya maua. "Mwimbaji ninaye. Wa ngoma ninaye, miaka mingi. Kinachokosekana huko chini ni fidla."

Dervla aliruka kutoka kitini. Hakukimbilia mlango. Baadaye alijiuliza sana kwa nini, na jibu ni kwamba aliyekuwa chini alikuwa baba yake. Alipiga magoti kwenye jiwe. Lilikuwa na uvuguvugu, na limetoa jasho, na jasho lilinasa mikononi kama gundi. Akaweka mdomo karibu na tundu.

"Baba?"

Wimbo ukakatika. Kinanda kikanyamaza, filimbi ikanyamaza. Moto tu ndio uliolia.

"Baba, ni mimi. Nimekuja kukuchukua."

Chini kulikuwa na pumzi. Nzito. Yenye maji. Ikavuta ndani... ikatoka... na pamoja nayo ukatoka mvuke wa bia na uozo, ukampiga usoni, na Dervla akatapika pale pale. Tundu lilimeza hayo pia.

Kisha kitu kikaanza kupanda. Kilisukumwa kutoka chini polepole, kikikwaruza mawe. Kilitokeza kwenye povu jeusi, chekundu-waridi, kinateleza.

Safu ya meno ya juu. Na ute.

Dervla aliyachukua. Usimuulize aliwezaje, hata yeye hajui. Aliyashika kwenye kiganja, ya uvuguvugu, na akaelewa kwamba baba yake alikuwa amempa kile alichoweza kutoa. Kitu cha kuzika.

Alisimama, akakimbia. Hakuna aliyemzuia. Hehir alicheka tu, cheko la kikohozi. "Fidla umeiacha, mwanangu! Na kofia je?"

Na mlango ulipokuwa unajifunga nyuma yake, chini ya jiwe uliinuka tena wimbo, bila *tak,* wa mdomo mtupu, laini na wenye maji.

Polisi walikuja Jumanne, wakainua jiwe. Walikuta mafuvu matatu ya farasi, ya zamani, makavu kabisa. Hakuna mfupa wa mtu. Hakuna harufu. Sajini alisema huenda mzee alitapika meno yake kwenye tundu siku amelewa, mambo hutokea. Hehir aliwapa chai na sandwichi, nao wakala. Dervla aliwatazama wakitafuna.

Mazishi yalifanyika Ijumaa. Sanduku lilikuwa dogo, la mbao, na Philomena mwenyewe ndiye aliyelifunga, hakutaka mtu amsaidie. Wanamuziki walikuja wote kupiga kaburini, na Fintan alilia kwa sauti, mnafiki yule. Dervla hakumpa mkono. Mama Concepta alimletea fidla na kofia ndani ya mfuko wa plastiki, akasema hatakwenda tena kwa Hehir. Jumapili iliyofuata kinanda chake kilisikika kule kama kawaida.

Lakini jioni ya mazishi, sahani ya Senan haikuwekwa mezani. Wala kesho yake. Dervla aliiona kabatini, imelala juu ya zile nyingine, akalia kwa faraja. Akaanza hata kulala.

Wiki ya tatu alitoka kukamua ng'ombe, saa kumi na nusu, giza linashuka. Akafungua mlango wa jikoni. Akasimama.

Ile harufu. Ya mashina yaliyooza.

Sahani ilikuwa mezani. Viazi viwili, kisu. Kando yake, fidla yake, imetolewa kwenye kasha lake. Kigae kimoja karibu na jiko kilikuwa kimebanduliwa na kurudishwa vibaya, kimeacha upenyo. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo mbele ya upenyo huo, amevaa kofia ya Senan, uso umenyooka kama wa msichana.

"Mama. Ndani ya lile sanduku la mazishi uliweka nini?"

"Vitambaa." Philomena hakugeuka. "Usinikasirikie, mwanangu. Kule makaburini kuna baridi sana. Na peke yake."

"Mama, yatoe hayo meno. Yatoe sasa hivi!"

"Shhh. Alikuwa anakungoja wewe."

Chini ya kigae, kitu kilisafisha koo.

*Didli-dam didli-dai... tak.*

Philomena alichukua kikombe chake, kimebaki nusu ya chai, na ngozi ya maziwa imeelea juu. Akainama na kuimimina kwenye upenyo, kwa mkono wa mtu anayenywesha mgonjwa. Sakafu ikapokea. Gubu... gubu...

"Polepole, Senan," alisema kwa upole. "Ni ya moto."

Dervla alitaka kupiga kelele, kumshika mama yake mkono, kumkokota nje. Alitazama chini ili apige hatua ya kwanza.

Mguu wake ulikuwa umeshaanza kugonga.